Ngano ya Nevyana

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na mguu wa Nevyana haukuwahi kuchelewa kwenye hiyo ya pili. Pale mjini Pleven madereva wengi wamepita mikononi mwake, na watakuambia kwamba mama yule ana mdomo mchungu, ila macho yake huiona kona kabla kona haijafika. Alimwona mlevi kabla mlevi hajayumba. Aliliona shimo chini ya dimbwi. Ila mama yake mzazi, Nevyana hakumwona, na ndiyo habari yenyewe, maana kuwa na macho ni jambo moja na kutaka kuona ni jambo jingine kabisa.

Mama huyo aliitwa Rayna. Aliishi peke yake katika mji wetu mdogo chini ya mlima, safari ya saa moja na ushee kutoka Pleven. Mumewe, mzee Kuncho, fundi wa mapipa, alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Rayna alibaki na nyumba, shamba dogo la pilipili, kuku wake, na jirani yake Gergina, shoga yake tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi. Nevyana alikuwa mtoto wa pekee. Alikuja mara moja kwa mwezi na dawa za presha na mfuko wa machungwa, na kila Jumapili alipiga simu. Hujambo mama? Sijambo. Umekula? Nimekula. Kuku je? Wazima. Kisha kwaheri. Ungewasikiliza ungedhani ni walinzi wawili wanapokezana lindo.

Dalili zilikuwepo, asikudanganye mtu. Supu iliyotiwa chumvi mara mbili. Funguo kwenye pipa la unga. Rayna kumuuliza bintiye jambo, akajibiwa, akaliuliza tena kabla kahawa haijapoa. Nevyana alikuwa na jibu kwa kila moja: mama amechoka, mama hakulala vizuri, na mimi mwenyewe juzi si nimesahau mwavuli? Na kila alipofika alikuta sufuria ya ngano jikoni. Hiyo haikumtia wasiwasi hata kidogo, ilimfurahisha. Kwetu ngano huchemshwa kwa ajili ya marehemu, ikatiwa sukari, mdalasini na njugu zilizopondwa, ikagawiwa majirani kwenye vikombe. Aipokeaye husema, "Mungu amsamehe," akala. Nevyana aliiona sufuria akajisemea, mama hajamsahau baba, mama ni mcha Mungu, basi mama ni mzima.

Pasaka ya mwaka uliopita ukoo ulikaa mezani kwa Rayna. Kulikuwa na kondoo, mayai mekundu, na pombe kali ya rakia ya kutosha kulegeza ndimi. Binamu yake Nevyana, Iskra, aliyekuwa amempeleka baba mkwe wake kwenye nyumba ya wazee na kusimangwa na mtaa mzima kwa hilo, aliinama akamuuliza kwa upole kama ameanza kuulizauliza. Si kumpeleka mama, alisema, kuulizauliza tu: wapi pazuri, wanapokea watu gani, foleni ikoje. Mambo hayo yanataka muda.

Nevyana aliweka uma mezani.

"Mama yangu hataingia nyumba ya wazee nikiwa hai," alisema, kwa sauti ile ya kusimamisha gari.

Mjomba mmoja alinyanyua glasi akanywa kwa heshima ya mtoto mwema. Kwetu ndivyo tulivyo. Mwenye mama aliye kwenye nyumba ya wazee unamwuliza habari zake kwa kunong'ona, kama unayemwuliza habari za mume aliyefungwa. Iskra aliona haya, Nevyana alijisikia mrefu kwenye kiti chake, na Rayna alisema mwanangu ana moyo mzuri, akaendelea kukata mkate ambao tayari ulikuwa umetosha. Hakuna aliyemwangalia usoni. Ilikuwa meza yake, mkate wake na maisha yake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwaka huu, Jumamosi ya Wafu ya vuli ilipofika, Nevyana hakutarajiwa. Alikuwa amemwambia mama yake kwenye simu kwamba siku hiyo ana wanafunzi wa mtihani. Lakini mtahini aliugua, mtihani ukaahirishwa, na Nevyana akasema, ngoja nikamshtukize mama. Alinunua maua, akaenda moja kwa moja makaburini, maana siku hiyo mji wote uko huko.

Palikuwa na ukungu na harufu ya mishumaa. Wanawake walikuwa wakipita kati ya makaburi na sinia zao, wakipeana mikate, zabibu na ngano, wakimimina mvinyo kidogo ardhini na kidogo kwenye glasi zao. Langoni mwanamke mmoja mnene, mgeni kwake, alimwona mikono mitupu isipokuwa maua, akamwonea huruma. Akamtia kikombe cha ngano mkononi.

"Mungu amsamehe," Nevyana alisema, akala kijiko kimoja.

Akatabasamu hapo hapo. Ilikuwa na ganda la limau lililokunwa, na mji mzima mtu anayetia limau kwenye ngano ni mmoja, Rayna. Kwa hiyo hii ni ya baba, aliwaza, na ulimwengu ni mdogo. Akamuuliza yule mwanamke kwa kujua jibu, ili tu apate kusema huyo ni baba yangu.

"Ya nani hii, dada?"

"Nimepewa, si yangu. Ni ya yule bibi wa kule juu, mwenye skafu ya kijani. Kafiwa na binti yake, maskini. Mtoto mmoja tu, fikiria. Nevyana, nadhani, ndivyo alivyosema. Alikuwa akifundisha watu gari huko Pleven, na gari ndilo lililomwua."

Ngano ilimkwama Nevyana mdomoni. Kumeza alishindwa. Kutema haiwezekani, ngano ya marehemu haitemwi, hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Alisimama na kifo chake mwenyewe chini ya ulimi, kitamu, chenye limau, na yule mwanamke akimpigapiga bega akidhani naye ana msiba wake. Alijigusa shavu kuona kama lina joto. Usicheke, nawe ungejigusa.

Alipanda kilima. Rayna alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kaburi la Kuncho, sinia tupu magotini, skafu imefungwa vizuri, uso umetulia. Mishumaa miwili iliwaka. Mmoja ulikuwa mbele ya jiwe la Kuncho. Wa pili ulikuwa umechomekwa kando, kwenye udongo mtupu.

"Mama," Nevyana aliita.

Rayna aliinua macho, akampa tabasamu ya kumkaribisha mgeni.

"Umechelewa, Dona," alisema. "Ngano ya mtoto imekwisha."

Dona alikuwa dada yake Rayna. Amezikwa safu ya chini, karibu na ukuta, tangu Nevyana akiwa shuleni.

"Mama, ni mimi. Ni Nevyana."

Rayna alimshika mkono na kushusha sauti, kama anayemstahi mtu aliyekosea mbele za watu.

"Usiseme hivyo hapa, dada. Watu watasikia."

Ni Gergina aliyemwondoa pale. Alikuja na fimbo yake, akawaona wawili hao, akajua papo hapo kwamba lililofichwa limefichuka. Aliwaongoza hadi nyumbani akizungumza njia nzima juu ya bei za kuni, maana hakuwa na jingine la kusema. Walipofika uani Rayna aliwaendea kuku wake. Kuku wenyewe hakuwasahau, alimwita kila mmoja kwa jina. Nevyana alimsikia kupitia dirishani, akaufunga mlango wa jikoni.

Sufuria ya ngano ilikuwa juu ya jiko, imeoshwa. Aliitazama, kisha akamgeukia Gergina na kumtaka aseme yote. Gergina alikaa. Ilianza na arobaini ya Kuncho, alisema. Arobaini yenyewe ilifanyika vizuri, padri alikuja, watu wakala. Miaka ikapita. Siku moja Rayna akagonga mlango na kikombe, akasema leo ni arobaini ya Kuncho. Gergina akamwambia, Rayna, si tulikwisha kufanya? Rayna akamtazama kana kwamba amemtukana marehemu. Basi akapokea, akasema Mungu amsamehe. Wiki ile ile akaletewa tena. Na tena. Mtaa mzima ulikula arobaini ya Kuncho mpaka watoto wakawa wanajificha wakimwona Rayna na sinia, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekataa.

"Mtaa mzima mnajua," Nevyana alisema, "na mimi sijui?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba mama yako anamwombea baba yako kupita kiasi? Wewe ulikuwa ukija, unaiona sufuria, unamsifu. Nikasema, kama mwenyewe mwenye mama anasifu, mimi nani."

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, lakini haya hayakufichwa na mtu. Yaligawiwa mlango kwa mlango, kwenye vikombe, na kila aliyeyapokea aliyaombea msamaha akayala.

"Na hii yangu?" aliuliza. "Hii yangu imeanza lini?"

Ilianza mwishoni mwa kiangazi, Gergina alisema. Rayna alikuja akilia kilio ambacho hakumlilia hata Kuncho, akasema mtoto wangu amekufa barabarani. Gergina nusura azimie. Alichukua simu, akapiga Pleven, na aliposikia sauti ya Nevyana ikisema haloo, nani, sema basi, alikata. Nevyana aliikumbuka simu hiyo. Alikuwa na mwanafunzi kwenye mzunguko wa barabara na alimtukana aliyepiga, yeyote aliyekuwa, mtu au shetani.

"Nikarudi nikamwambia, Rayna, mtoto mzima, nimemsikia kwa masikio yangu, ana matusi kama kawaida. Akafurahi, akanikumbatia. Jumamosi iliyofuata akachemsha tena."

"Ungenipigia tena, shangazi. Ungeniambia."

"Nikuambieje kwamba mama yako anakuzika?" Gergina alisema, na sasa naye alikuwa analia. "Na liko jingine. Niliapa nisiseme. Lakini kiapo alichonipa Rayna, Rayna mwenyewe hakikumbuki tena."

Akasema. Kiangazi kile kabla ya Pasaka ya Iskra, wao wawili walivaa vizuri wakapanda basi la asubuhi kwenda mji wa jirani. Huko kuna nyumba ya wazee yenye baraza na mzabibu, karibu na kanisa. Rayna ndiye aliyetoa wazo. Alisema, Gergina, naanza kupotea humu kichwani, nalijua mwenyewe, twende tukatazame nikiwa bado najua ninachotazama. Wakatazama. Rayna alionyeshwa chumba, akajaribu godoro, akafungua dirisha, akalifunga. Akacheza karata na wabibi wa barazani akawashinda wote, na mmoja wao akamwambia hamia kesho nilipize kisasi. Akauliza kama ataruhusiwa kuleta kuku. Wakasema hapana. Akasema basi nitawala kabla sijaja. Basi zima lilimsikia akiimba wakati wa kurudi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alitaka kukuambia. Alijipanga. Alisema, nitamwambia Pasaka, mbele ya watu wote, ili waone ni mimi niliyetaka na asiwepo wa kusema Nevyana amemtupa mama yake. Hiyo tu ndiyo aliyoogopa, jina lako. Kumbe Iskra akatangulia kuuliza. Na wewe ukajibu."

Nevyana alijua alichojibu. Huko nje mama yake alikuwa akimsema jogoo.

Daktari alimweleza baadaye kwamba ugonjwa huu hauna hoja, haumtafutii mtu sababu, leo unamzika mtoto kesho unamfufua mjomba. Mimi si daktari, sitabishana naye. Lakini Nevyana, alipokaa pale jikoni, aliona jambo moja na mpaka leo hajaliondoa moyoni: alisema hataki mama yake aende akiwa yeye hai, na mama yake, katika akili ile iliyobaki, alikuwa anamzika kila Jumamosi. Alitapika kwenye beseni la kuoshea vyombo. Gergina alimshika paji la uso kama mtoto.

Wiki hiyo hiyo alimpakia mama yake garini akaenda naye mji wa jirani. Mzabibu ulikuwa umepukutika majani. Msimamizi wa nyumba, Bi Snezha, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini, alimkumbuka Rayna mara moja. Huyu si yule wa karata? Alimkalisha, akampa chai, akamuuliza kama bado angependa kukaa nao. Rayna alishukuru sana kwa chai. Akauliza basi linaondoka saa ngapi, kwa sababu Kuncho atarudi kutoka karakana na hakuna kitu jikoni.

Bi Snezha alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na huo ndio ulikuwa ugumu, maana mbaya ungemtukana ukapumua. Alieleza kwamba nyumba yao hupokea wanaojimudu, wanaotaka wenyewe na kusema kwa vinywa vyao. Milango haifungwi. Bustani haina ukuta, na mto uko pale chini. Hawana wauguzi wa kumwangalia mtu usiku na mchana.

"Akija angali anajimudu, akaugulia humu, hatumtoi," alisema. "Huwa anazijua njia tayari, anatujua sisi. Lakini kuja akiwa hivi, hapana. Mngekuja mapema."

"Mapema lini?" Nevyana aliuliza. Alikuwa mwalimu, alitaka jibu kamili.

"Siku ile alipokuja mwenyewe."

Alitaka kujua kama chumba kile bado kipo. Hakikuwepo. Kilikuwa na mtu, na kwenye dirisha palikuwa na chungu cha maua.

Alimchukua mama yake akampeleka Pleven, kwenye fleti yake, akapunguza wanafunzi. Alisema atamlea mwenyewe, si alikwisha kuapa? Rayna alifungua gesi akasahau kuwasha kiberiti. Alimwitia polisi bintiye kwa madai kwamba ni mwizi aliyevaa sweta ya Nevyana. Kisha asubuhi moja ya theluji, Nevyana akiwa bafuni, alitoka na ndala, akaenda kutafuta njia ya kwenda nyumbani, akapatikana kituo cha treni, vidole vya miguu vimekuwa vya buluu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Nevyana ukuta huo aliujenga kwa mikono yake: kabla ya Krismasi alimpeleka kwenye nyumba ya wazee ya huko huko Pleven, ambayo mlango wake hufunguliwa na wahudumu peke yao. Ni safi. Chakula ni kizuri. Madirisha hayafunguki. Iskra ndiye aliyemsaidia kuipata, na hakumkumbusha neno hata moja, na Nevyana aliona afadhali angesimangwa.

Siku hiyo alipanga nguo za mama yake kabatini, akatundika picha ya baba, akaweka slipa chini ya kitanda upande wa kulia. Rayna alimtazama akifanya kazi, mtulivu, mikono imekunjwa. Nevyana alipovaa koti lake kuondoka, Rayna aliinuka akamsindikiza mpaka mlangoni kama mwenye nyumba anavyomsindikiza mgeni mwema.

"Asante kwa kunileta, binti," alisema. "Wewe ni mtu mwema. Mama yako yupo?"

"Yupo," Nevyana alisema.

"Mzee?"

"Mzee."

Rayna alitikisa kichwa polepole. Aliona kifungo cha juu cha koti la mgeni wake kimeachwa wazi, na nje ni theluji, akakifunga, vidole vikihangaika kidogo.

"Basi muulize anataka nini angali anajua kujibu," alisema. "Mimi nilikuwa na langu la kusema. Mwanangu hakuniuliza."

Nevyana alimwahidi kwamba atamuuliza. Mhudumu alifungua mlango, Nevyana akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.